Umenishinda Tena kwa Asali

Kaka Yosefu,

Umenishinda tena, na safari hii uko kaburini. Wivu nilionao leo hata haya sioni kuusema.

Bwana Shamba alitaka asali moja tu ya kwetu Ntalikwa ipelekwe maonyesho ya mjini: yako, ile ya debe lako la mwisho, au yangu. Kazi ya kuonjesha akanipa mimi karani wake, kana kwamba hajui tumezaliwa tumbo moja. Nikamimina kila asali kwenye kibuyu chake, nikafunika vibuyu vyote viwili kwa kitambaa. Kila mtu akaonja asali zote mbili, wengine wakianza na yako, wengine na yangu, akatoa alama kuanzia moja hadi tano.

Unawajua watu wetu. Wazee ukiwakaribisha kitu hawasemi kibaya. Hata ungewapa maji ya kuoshea debe wangekupa tano. Vijana waliorudi kutoka kwenye tumbaku Urambo, ulimi umekufa kwa moshi, kila kitu kwao ni mbili. Bwana Shamba akasema jumlisha, gawanya, mwenye wastani mkubwa ndiye. Nikajumlisha. Nikashinda! Nusura nirukeruke pale ofisini.

Kisha nikaangalia vizuri. Wakwe zangu watatu walinusa moshi mwingi ninaovunia, wakaitambua asali yangu, wakanipa tano na wewe moja. Wao watatu tu waliwameza watu kumi na mmoja waliokuzidishia alama moja moja. Tena asali ya alama nne si tamu mara mbili ya asali ya alama mbili. Utamu hauwekwi kwenye mizani. Kipimo cha haki ni kumlinganisha kila mtu na yeye mwenyewe: asali ipi ameipa zaidi? Ukishahesabu wa huku na wa huku, unajiuliza kama tofauti ile ingeweza kuja kwa kurusha sarafu tu. Wapi! Ulinizidi mbali. Nikampelekea Bwana Shamba hesabu hiyo huku nimeuma meno.

Ah, Kaka! Tangu utotoni ni wewe tu. Mama akilamba asali yako anafumba macho. Yangu anasema, "Asante, baba," kisha anafunika chungu. Hata mazishini watu walikuwa wakisifia mizinga yako, na mimi nimesimama na jembe mkononi. Nilikuonea wivu palepale, udongo wako haujakauka.

Sasa sikia. Mama naye alionja. Nilimshikia kijiko mwenyewe. Akaonja ya kwanza, akaonja ya pili, akasema, "Nne. Na hii nne." Vibuyu vimefunikwa, Kaka, hakujua ipi ya nani! Maisha yangu yote nilingoja neno hilo. Lakini kipimo nilichokichagua mwenyewe kinasema aliyetoa alama sawa hana upande, basi hahesabiwi. Nikamfuta mama kwa kalamu yangu mwenyewe.

Debe lako limekwenda mjini, wala hakuna lingine. Shemeji amenipa mizinga yako niitunze. Kwaheri, Kaka, pumzika. Nakuahidi nitavuna kwa moshi mdogo, kama ulivyonifundisha nikakataa. Na asali ya kwanza nitampelekea mama, aonje hiyo tu, bila kibuyu kingine pembeni.

Mdogo wako,
Petro