Mipira ya Upepo na Shubiri Yangu

Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Mawingu mazito, mvua inasitasita. Mtaa mzima tumezibua mitaro, nimerudi na matope hadi magotini na moyo mchafu kuliko miguu.

Niseme wazi. Wiki nzima nimemshuku Venanti, dereva wangu wa miaka sita. Jumatano nilimpigia dereva mwingine nikamwambia aje Jumatatu kuchukua nafasi yake.

Chanzo ni lori. Tunapakia sabuni na madumu ya mafuta ya kula Masoro, tunasambaza madukani Kabeza na Remera. Jioni linapaswa kurudi tupu na jepesi, lakini linarudi limekaa chini kwa nyuma. Nikawaza: huyu anabeba mizigo ya watu njiani, springi zangu zinakufa. Kwa hiyo kila akishaegesha chini ya taa ya uani na kwenda zake, natoka na kandambili, napima kutoka tairi hadi bodi, ubavu wa kulia ulio karibu na mlango wangu.

Mtu mzima, mama wa watoto watatu, napima lori kwa shubiri!

Kisha Venanti mwenyewe akaomba mipira ya upepo, ile inayokaa kati ya ekseli na chasisi kusaidia springi. Anataka kuficha ushahidi, nikasema moyoni. Lori likiinuka, nitajuaje limebeba nini?

Jana nilikwenda dukani Gisimenti. Muuzaji, mcheshi kupita kiasi, alinionyesha ya aina mbili. Yote hufungwa kwa bolti tu, hakuna kutoboa chasisi wala kuchomelea, asubuhi moja fundi amemaliza. Tofauti ni kwamba aina moja hujazwa upepo kwa mdomo mmoja, mipira yote miwili pamoja. Nyingine kila mpira una mdomo wake, kila upande hujazwa kivyake. Muuzaji alisifu ya mdomo mmoja, eti ndiyo rahisi. Lakini Venanti alikuwa amesisitiza midomo miwili. Ya nini kuinua kila upande apendavyo? Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaondoka bila kununua.

Leo lori ni tupu, nimelifagia mwenyewe. Nikapima kulia: shubiri haitimii. Halafu, kwa mara ya kwanza, nikazunguka nikapima kushoto.

Shubiri na vidole vitatu.

Kulia ndiko kwenye mlango wa kushushia. Na ni nani kila asubuhi husimama Masoro akipaza sauti, "Madumu ya Kabeza yakae mlangoni"? Ni mimi. Miaka sita upande mmoja unabeba uvivu wangu.

Venanti, aliyepita kurudisha jembe, alinikuta nimechuchumaa. Akatoa tepu mfukoni.

"Mama Aline, mkono yako iko kidogo. Pima na hii."

Nikamuuliza mbona hakuniambia upande huu umechoka.

"Nilisema midomo mbili, mama. Mizigo unapanga wewe. Mimi ningesema nini?"

Nimeona aibu, aibu ya kweli.

Jumatatu nanunua ya midomo miwili, na madumu yatapangwa katikati. Yule dereva mwingine nimeshamwambia asije. Venanti bado hajui kwamba nilimpigia, na sijui kama nitathubutu kumwambia.

Uani kuna nafasi tele. Lakini kila jioni Venanti huliegesha lori chini ya taa, ubavu wa kulia ukinielekea. Kumbe muda wote alitaka nione vizuri.