Nakuja Nimenyolewa

Kitengela,
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Kabla sijakuamkia, nikuambie kwamba hakuna aliyekufa. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua. Ijumaa nitakaposhuka kwenye basi utaniona nimenyolewa kichwa chote, na najua kwetu mwanamke akionekana hivyo watu huanza kuuliza msiba uko wapi. Hatujafiwa. Mume sina, kwa hiyo hata ujane umenikosa. Ni dawa ya nywele, ile ya kulainisha, ndiyo iliyonifikisha hapa.

Haya sasa, shikamoo Mama. Mgongo wako unaendeleaje? Baba bado anajifanya kijana na magunia ya mahindi, au mmemshinda? Na ng'ombe mweupe alizaa salama? Mimi ni mzima kabisa kuanzia shingoni kwenda chini. Huku jua ni kali, vumbi linaingia hadi kwenye chai, na upepo wa hizi mbuga hauna adabu hata kidogo. Barua hii naiandika nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya friji ya mwenye nyumba. Siku hizi siwezi kutulia. Nikiketi nasimama, nikisimama natoka nje, nikifika nje nakumbuka sikuwa na mahali pa kwenda.

Kinachonikosesha usingizi si kichwa changu, Mama, ni cha Nelima. Mdogo wangu aliniandikia nimletee dawa kwa ajili ya arusi yake, tena akasema nilete ile kali, nywele zilale vizuri chini ya shela. Akaongeza kwamba nisipoileta, rafiki yake atamnunulia sokoni na watapakana wenyewe nyumbani. Unamjua Nelima akishaamua jambo. Ndiyo maana nataka ujue yaliyonipata, yote, kwa mpangilio.

Mwenye saluni yetu ni Mama Wanja, mama wa Kikuyu mwenye maneno mengi, ila moyo wake si mbaya. Sisi wasusi wake lazima tuwe na nywele zilizonyooka. Siku ya kwanza tu aliniambia, "Hiyo kichwa yako ndio signboard yangu." Basi kila nywele mpya zikiota kwenye mizizi, tulikuwa tukipakana dawa sisi kwa sisi, siku ambazo wateja ni wachache.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne moja ya mwezi uliopita. Asubuhi nilikuwa nimefumua rasta nilizokaa nazo muda mrefu, na kichwa kiliniwasha sana. Nikakikuna kwa mkia wa kitana hadi nikaona raha. Halafu nikaketi, mwenzangu Akinyi akaanza kunipaka.

Nikueleze kitu kuhusu maji ya hapa. Yanakuja kwa punda. Mwenye punda analeta mitungi, tunaijaza kwenye pipa lililo nyuma, na pipa ndilo linalolisha sinki. Tuna desturi yetu saluni: kabla mteja hajapakwa dawa, mmoja wetu huenda kuligonga pipa, asikie kama lina maji. Hatuthubutu kupaka bila kugonga. Lakini nilikuwa mimi tu, si mteja. Hatukugonga.

Baada ya muda nikamwambia, "Akinyi, imeanza kuchoma."

"Wacha ichome kidogo," akasema. "Si ndio inashika? Si wewe huambia watu hivyo?"

Kweli, sote tuliwaambia watu hivyo. Nikavumilia, nikakunja vidole vya miguu ndani ya viatu, nikaanza kuimba wimbo wa kwaya ili nisahau. Nilipofika sinki, Akinyi akafungua bomba, bomba likakohoa na kunyamaza.

"Maji imeisha!"

"Haiwezi isha, jana si tulijaza?"

"Jana ni jana, Naliaka! Huyo mama wa jana alikuwa na manywele mingi!"

Mama, sijui nikuelezeje moto ule. Ni kama mtu ameweka kichwa chako kwenye jiko halafu akakushikilia. Niliruka, nikapiga teke kiti, nikatoka nje nikipiga kelele. Akinyi alikimbilia kwa jirani wa kulia, hawana maji. Wa kushoto alikuwa amefunga. Punda hawakuonekana hata kwa mbali. Kwenye chupa tulikuwa na maji ya chai, yanachemka.

Mlangoni palikuwa na Mama Naserian, mama wa Kimasai anayetuuzia maziwa. Ndiyo kwanza alikuwa amefika, na huwa hasahau kusalimia. "Takwenya," akaniambia, na mimi badala ya kuitikia "Iko" kama alivyonifundisha, nikapiga yowe usoni mwake.

"Huyu mtoto iko na nini?" akauliza.

"Ako na dawa kwa kichwa na hakuna maji!" Akinyi akajibu, naye sasa analia.

"Mimi niko na maziwa. Inama."

Akafungua mtungi wake na kunimwagia, wote, maziwa aliyokamua alfajiri kwa ajili ya kuuza. Mkono mmoja unamwaga, mwingine unasugua dawa itoke. Watu walisimama barabarani kututazama. Mtungi ulipoisha ndipo kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaja na ndoo ya maji. Baadaye Mama Wanja alitaka kumlipa maziwa yake, akakataa, akasema hayo hayakuuzwa. Nilinuka maziwa ya mala siku kadhaa, hata paka wa ploti tunayopanga walianza kunipenda.

Nilidhani yameisha. Asubuhi yake nikainua kichwa, nywele zikabaki kwenye mto. Kichwani kulikuwa na malengelenge, mengine yamepasuka, na maji yake yalikuwa yakinitiririka hadi nyuma ya sikio. Nikaenda zahanati. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima, hakunigombeza. Aliniuliza nilifumua lini rasta, na kama nilijikuna. Nilipomjibu akatikisa kichwa, akasema nilikuwa nimeichana ngozi mwenyewe kabla ya kuipaka moto. Akaniambia dawa hii ni jamii ya magadi. Mimi nikaielewa kwa jikoni kwako, Mama: ni ndugu wa yale maji ya jivu unayopikia mrenda, ila huyu ndugu ni mkatili. Yale yako hulainisha mboga tu. Haya hulainisha unywele, na yakikaa zaidi au yakikuta ngozi iliyokwaruzwa, yanaendelea na kazi, hayajui mahali pa kusimama. Na kule kuchoma si kushika. Ni ngozi inaomba msaada.

Halafu akasema neno ambalo limekaa nami. Juu ya sikio langu la kushoto, ambapo sasa ngozi ni laini na inang'aa kama kovu la moto, dawa ilikuwa imeunguza hadi ndani. Akasema pale huenda nywele zisiote tena. Mama, niliogopa. Nililia njia nzima hadi nyumbani, mchana kweupe, mtu mzima na miaka yangu. Mimi kazi yangu ni nywele. Nilikuwa nikizipenda zangu, na hata wewe ulikuwa ukisema nimezirithi kwa mama yako.

Vidonda vilipokauka, nywele zilizobaki zilikuwa vishungi vishungi, huku na huku. Mama Naserian akaniangalia akasema, "Hii toa yote." Akaninyoa mwenyewe kwa wembe mpya, uani kwake, akipaka mafuta kidogo kidogo. Wake wa boma lake walikuja kutazama. Wao wote wamenyolewa, na kwao huo ndio urembo. Mmoja akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anayenunua mbuzi, akasema, "Sasa masikio yako inaonekana. Ulikuwa umeficha ya nini?" Tulicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu ile Jumanne.

Saluni ndiko hawacheki. Mama Wanja alinipa wigi. Nikawa naivaa, joto likinitesa. Juzi akaja msichana wa kazi ya ofisi, anataka dawa, na nikaona anajikuna. Nikaivua wigi, nikamwambia, "Rudi wiki ijayo, na usikune." Akatoka mbio. Mama Wanja akafoka, "Unanifukuzia wateja!" Sasa nimewekwa nyuma kufua taulo. Binamu yangu wa Rongai ananiita kwenye saluni ya kusuka tu, isiyotumia dawa. Asubuhi nasema nitaenda, jioni nasema nitabaki. Nitaamua nikisharudi kutoka huko kwetu.

Mama, najua utakachofanya. Utakuja stendi na leso, na kabla hujanikumbatia utakuwa umenifunga kichwa. Sikulaumu. Wakwe wakija Jumamosi, sitaki waseme wameingia nyumba ya matanga, na Mjomba, msemaji wetu, asichanganyikiwe na maneno yake ya kuwakaribisha. Siku hiyo nitajifunga leso kubwa kuliko zote. Lakini Ijumaa niache wazi. Nipite kwa majirani wazi, waulize wanachotaka kuuliza, niingie hadi alipo Nelima. Nimemwandikia mara mbili kwamba dawa ni mbaya, na mara zote amenijibu kwamba nina wivu kwa sababu anaolewa kabla yangu. Maneno yangu yameisha. Kilichobaki ni kichwa hiki.

Mikono yangu haikuungua. Akikubali nitamsuka mistari midogo ya kwenda nyuma, shela itakaa juu yake vizuri, na hakuna atakayemtazama mara moja tu.

Nisalimie Baba, umwambie asicheke sana akiniona. Nisalimie Kukhu, bibi yangu anayeona kwa jicho moja, huyo pengine hatagundua chochote. Nisalimie Mjomba msemaji wa ukoo, na mke wake aliyenifundisha kusuka nikiwa sijui hata kushika kitana. Na mama jirani wa ng'ambo ya kisima, mwambie ule ushanga aliouagiza nimeupata.

Nelima usimsalimie kwa barua hii, wala usimsomee. Mwambie tu kwamba dawa siji nayo. Akikuuliza kwa nini, mwambie anisubiri. Nitapiga magoti mbele yake, nitauchukua mkono wake na kuuweka hapa juu ya sikio, na nitauacha pale mpaka autoe mwenyewe.

Ni mimi kifungua mimba wako,
Naliaka