Aliyeng'ata Jiwe

Halifax, Mei 1893

Dada Effie,

Kikohozi hakiniachii, kwa hiyo nasema sasa. Ujanani nilichimba chini ya jabali lile wiki tatu nikitafuta makaa ya mawe. Wewe uling'ata kipande cha mwamba, ukacheka: "Laini kama siagi! Huu ni udongo ulioota msitu wa kale, ule uliogeuka makaa juu yake. Kaka wee, makaa yako juu ya kichwa chako, unajichimbia kaburi!"

Yalikuwa juu kweli. Nikaandika ripoti na kuchora ramani kwa jina langu peke yake, nikaitwa bingwa.

Juzi nilibebwa kwa kiti hadi mkutano wa wanajiolojia, nikakiri. Mmoja akanong'ona, "Mzee kachanganyikiwa." Nikawasomea daftari lako la siku zile, ulimoandika habari za udongo ule. Wakasimama wote, wakakushangilia!

Ramani inachapishwa upya kwa jina lako. Langu nimelifuta mwenyewe.

Kaka yako mwenye furaha,
Murdo