Mtoto Aliyezidi Kwenye Msafara

Nyumba za Walimu,
Masasi.

Dada yangu Benedikta,

Shikamoo dada. Natumaini kifua kimeachia na sasa unalala usiku. Huku kwangu sote ni wazima. Barua hii anakuletea Zulekha, mtoto wa jirani yako ninayemfundisha. Isome ukiwa peke yako. Sikupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani kwenu ni moja, na anayeishika ni shemeji Jovin.

Juzi tumerudi kutoka Dar es Salaam, tulikowapeleka watoto wa darasa la saba kuona mambo ya kale wanayoyasoma vitabuni. Unanijua nilivyo, hata chai niliyopika mwenyewe naichungulia kwanza. Pale Posta, kwenye Sanamu ya Askari, niliwahesabu wakatimia arobaini. Kufika Makumbusho ya Taifa, mlinzi wa mlangoni akaniambia, “Mwalimu, hesabu yako imegoma, hapa wamezidi.” Nikabishana naye mpaka Mwalimu Ignasi akaniomba niache, na hapo hapo nikaanza kumshuku Ignasi. Ana ndugu wengi mjini, nikadhani kachomeka mpwa wake.

Mchana chapati ikapungua. Ignasi akaapa kwamba hajala mbili, sikumwamini. Watoto nao walikuwa na lao: nikisogea wananyamaza, wanajikusanya kama vifaranga walioona mwewe. Katikati yao niliona mgongo wa binti aliyevaa sweta ya shule yetu, mikono yake imeishia kwenye viwiko. Joto la Dar lile, nani anavaa sweta? Zulekha akanijibu kwamba mwenzao ana homa. Tulipofika Mnazi Mmoja nikaamuru washikane mikono wawili wawili tuvuke kwenda Kariakoo. Upande mmoja wakashikana watatu, na nilipowakaripia wakaangalia chini.

Pale sokoni, kijana aliyetutembeza akauliza jina la Kariakoo lilitoka wapi. Sauti kutoka katikati ya kundi ikajibu kabla ya wote kwamba lilitokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita vya Waingereza na Wajerumani, waliowekewa kambi hapo. Sauti ile haikuwa ngeni kwangu. Nikapenya, nikaikamata sweta. Mtoto akageuka, akasema, “Shikamoo, mama mdogo.”

Dada, alikuwa Ritha wako.

Hasomi. Tangu wifi yako Evelyn alipomchukua kutoka darasa la tano hajaingia darasani hata siku moja. Ile shule nzuri ya Dar tunayosimuliwa kila Krismasi haipo. Anawapikia vijana wa duka la vitenge la Evelyn, anafua, anabeba masufuria barabarani. Alikuwa akiazima simu ya kijana mmoja wa dukani ili Zulekha amsimulie wanachofundishwa huku. Aliposikia wenzake wanakuja, akavaa sweta yake ya zamani, akaaga kwamba anaenda sokoni. Alitaka awe mwanafunzi siku hiyo tu, kisha arudi jikoni. Nililia pale pale mbele ya wauza vitunguu, nikamwomba Ignasi radhi.

Sasa nakiri nilichofanya. Sikumrudisha wala sikumwambia Evelyn. Nilimpandisha kwenye basi letu tukaja naye. Nasikia Evelyn amempigia shemeji kwamba mtoto ametoroka na mwanamume. Kama umeambiwa hivyo ukalia, futa machozi, Ritha yuko kwangu. Wakiniita mwizi wa mtoto, waniite.

Lakini hataki kuja huko kwenu. Nilipombana akasema kwamba mliafikiana na Evelyn aende kufanya kazi, kwamba wewe mama yake ulijua. Nilimkatalia kwa ukali. Kisha nikalala nikikumbuka kwamba wewe, dada, hujawahi hata mara moja kuomba kuzungumza na mwalimu wake wa huko Dar, na mimi sikuwahi kukuuliza kwa nini. Nisamehe kwa kukushuku, lakini ninakushuku. Njoo. Jibu usinipe mimi, mpe yeye. Hajaivua ile sweta tangu tufike.

Wasalimie watoto wote na bibi Candida. Shemeji usimsalimie.

Mdogo wako akupendaye,
Hyasinta