Mfuko wa Mzee Salumu

Mikumi,
Desemba, wiki ya pili

Kaka yangu Maganga,

Shikamoo kaka. Najua marahaba utaitamka kwa sauti hata kama unasoma peke yako, nami naipokea. Goti lako linaendeleaje? Na wifi je, presha imetulia, au bado anaficha dawa kwenye kikapu cha nyuzi na kusema amepona? Mimi ni mzima, isipokuwa usingizi umepungua. Mvua za vuli hazikutunyima mwaka huu, na hapa Mikumi kila kiwanja kina mahindi.

Barua hii nimempa mwalimu jirani yangu anayekuja likizo kwao Magu, ili ikufikie kabla ya Krismasi. Simu ninayo, lakini jambo lenyewe nikilieleza kwa simu utasikia kilio tu.

Ni habari ya mwanangu Masanja, mpwa wako. Unakumbuka kwamba mwezi wa nane ng'ombe wake waliingia katika mpunga wa baba mkwe wake, Mzee Salumu, kule Masanze. Wazee walikaa wakaamua, Masanja akakubali kosa na kulipa magunia aliyotakiwa kulipa. Tulidhani yameisha. Wiki moja baadaye Zuhura, mkamwana wangu, alimbeba mgongoni mjukuu wetu Limi akaenda kwa baba yake, na hadi leo hajarudi. Hakugomba wala hakudai talaka. Alikwenda tu.

Sasa wewe unajua utaratibu wetu na wakwe hawa. Idd wao hutuletea, Krismasi sisi huwapelekea. Nikasema moyoni kwamba hii ndiyo njia: nitaingia katika nyumba ile kwa sababu isiyo na ugomvi, mikono ikiwa imejaa, na neno la kumrudisha Zuhura litapata pa kukaa. Nikaazimia nisikosee hata kitu kimoja.

Unanijua. Watu huku hungoja siku mbili za mwisho, wakasukumana madukani na kurudi na viatu vya mguu mmoja. Mimi nilianza Novemba. Nilichukua daftari, nikachora safu tatu: jina, kitu, kipimo. Nilinunua vya mtu mmoja hadi vikamilike, ndipo nikaenda kwa mwingine, na kila mtu nikampa mfuko wake wenye jina kwa wino mzito. Nilikwenda Kilosa mjini, ambako nilifundisha miaka ile na wenye maduka wananifahamu. Mama mmoja wa duka la vitenge aliponiona naweka alama ya tiki kwenye daftari aliniuliza, "Mwalimu, unanunua zawadi au unasahihisha mitihani?" Nikamwambia ni mitihani kweli, na anayetahiniwa ni mimi.

Mfuko uliotaka fikra kuliko yote ulikuwa wa Mzee Salumu. Mwaka huu amedhoofika. Ana kidonda mguuni kisichofunga, na kanzu zake za zamani zinamning'inia. Kanzu ya kununua ingemkosa mwili, basi nikachukua kitambaa chenyewe, cheupe, pamba tupu, ili fundi ampimie. Kwenye duka la dawa nikanunua pamba ya kufutia kidonda. Kwingine nikapata sabuni nzuri ya kuoshea. Mwisho nikaongeza chupa ya marashi ya waridi, maana najua hujipaka kila Ijumaa. Nikaweka tiki nne. Nilifunga mfuko nikiwa na raha, kaka, raha ya mtu aliyefikiria kila kitu.

Nilishuka Masanze baada ya adhuhuri. Bi Asha, mke wa Mzee Salumu, alinitandikia mkeka barazani. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, mguu ameuinua juu ya kigoda. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuongeza neno. Zuhura alinipa shikamoo kutoka mlangoni na kurudi jikoni. Limi peke yake ndiye aliyekuja, akajikalisha mapajani mwangu kana kwamba aliniacha jana.

Nikatoa mifuko. Kitenge cha Bi Asha kilipokelewa vizuri. Viatu vya Limi vilimtosha. Mfuko wa Zuhura ukawekwa pembeni umsubiri. Kisha Bi Asha akachukua mfuko wa mumewe, akaanza kutoa kimoja kimoja na kupanga juu ya mkeka: kitambaa cheupe kisichoshonwa, sabuni, pamba, marashi ya waridi.

Mkono wake ulipoweka pamba ndipo nilipoona. Kaka, nimeishi na watu hawa miaka arobaini na moja. Nimekaa katika misiba yao, nimeona vitu hivyo hivyo vikiletwa pamoja, kwa ajili ya kumwosha maiti na kumvika sanda. Kila kimoja nilikifikiria peke yake. Sikuwahi kuvitazama vyote kwa pamoja. Na laiti ningechanganya vitu katika kikapu kimoja kama watu wengine, asingejua mtu.

Bi Asha hakunitazama. Akasema taratibu, "Mwalimu, mgonjwa wangu bado anakula."

Nikaanza kueleza: kanzu, fundi, kidonda, Ijumaa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kama mwizi anayetaja njia aliyopitia. Zuhura alitoka jikoni, akaangalia mkeka, akaja kumtoa Limi mapajani mwangu, akasimama naye kando ya nguzo. Nikajua nimekuja kumrudisha mtu mmoja na nitaondoka nimewapoteza wote.

Mzee Salumu alivitazama vile vitu muda mrefu. Unafahamu kwamba sisi na Wasagara ni watani tangu mababu walipopita huku na misafara ya kwenda pwani, na mtani ana ruhusa hata msibani. Lakini tangu watoto wetu waoane hajanitania hata siku moja. Ukwe ulikuwa umeufunika utani. Nilikuwa nangoja nisikie nani atakayejibu, mkwe au mtani.

"Asha," alisema, "kipime hicho kitambaa. Wasukuma wabahili hawa, isije miguu yangu ikabaki nje."

Bi Asha akaziba mdomo kwa upande wa kanga. Mzee akanigeukia. "Ulisikia nimekufa, mtani, ukakimbilia pilau?"

Nikamjibu kwamba nilisikia, ila nilikuta marehemu mwenyewe ndiye mbishi. Hapo akacheka mpaka akakohoa. Lakini mtani akikosa hulipa faini. Yangu ilikuwa kwamba kitambaa kile kikatwe siku ileile, kwa mkono wangu, shingo na mikono, kwa sababu kikishashonwa kanzu hazikwi mtu nacho.

Zuhura ana charahani yake. Tukakaa wawili chumbani, mimi nakata yeye anashona. Sikuwa na ujasiri wa kuanza. Aliyeanza ni yeye, macho yake yakiwa kwenye sindano.

"Mama, mimi sikuondoka kwa sababu ya mpunga. Baba alikaa barazani siku tatu akimsubiri Masanja aje amwone. Siku ya tatu akaja mtu wa bodaboda na magunia, akashusha, akaondoka. Baba yangu hakusema kitu. Aliingia ndani tu."

Nikaweka mkasi chini.

"Leo umekuja wewe na mifuko," akasema. "Nakushukuru, mama. Ila yeye aje mwenyewe. Na asibebe kitu."

Nilimpigia Masanja jioni ileile. Akaniambia nimefanya vizuri, zawadi zimepokelewa, kwa hiyo mambo yamekwisha. Nikamweleza maneno ya Zuhura. Akasema hawezi kwenda kwa mkwe mikono mitupu, ni aibu, na kwamba atauza dume atume kitu kikubwa zaidi. Nikakata simu, kaka, kwa sababu nilisikia sauti yangu mwenyewe ndani yake. Mtoto yule alikua akiniona kila Desemba nikifunga vifurushi na kuvipeleka stendi vije kwenu, vimeandikwa majina vizuri. Tulipopata habari ya kifo cha mama yetu, nilituma mchele, sukari na mashuka mapya. Sikuja kumzika. Nilisema barabara zimekatika, na kweli zilikuwa zimekatika, kwa siku nne.

Baba yake Masanja angekuwa hai ningemwachia yeye. Sasa aliyebaki wa kumwambia akasikia ni mjomba wake. Mpigie. Usimwambie apeleke nini. Mwambie tu aingie barazani kwa Mzee Salumu, akae chini, atoe shikamoo, anyamaze mpaka aulizwe. Mguu wa mzee si mzuri, na siamini tuna miezi mingi ya kungoja. Limi tayari ameanza kumwita babu yake baba.

Msalimie sana wifi, na yule binti yako mkubwa muuguzi, na shangazi yetu kipofu pale juu. Mwambie sauti yake naikumbuka. Wasalimie majirani wa kisimani waliobaki.

Mwalimu aliyekuletea barua hii hakukuletea kifurushi chochote safari hii, usimuulize. Mwezi wa kwanza nitapanda basi mwenyewe, nije nioneshwe alipolazwa mama.

Mimi mdogo wako,
Kabula