Benchi la Jumanne

Nansio, 4 Machi 1995

Mdogo wangu Yeremia,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila mguu wangu wa kushoto ndio kama unavyoujua. Huko kiwandani mnaendeleaje na hao sangara?

Binti yangu Bernadeta amepata mchumba. Anaitwa Mihayo, ana mashine ya kusaga, kwao ni ng'ambo ya Busisi. Watu wake wamemtuma shangazi yake, Wilhelmina, achunguze ukoo wetu: kifafa, ukoma, wazimu. Ni kawaida, hata sisi tungefanya. Atakaa Mwanza mpaka mwisho wa Mei, na nyumba aliyofikia iko jirani na hospitali. Sasa nakuomba usiende kliniki mpaka aondoke. Mji mzima unajua wanaokaa lile benchi la Jumanne ni akina nani. Na wewe si umeshapona? Miaka miwili hii sijasikia kwamba umeongea peke yako. Fanya hivyo kwa ajili ya mtoto.

Dada yako,
Teodora

Mwanza, 15 Machi 1995

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, natumaini mguu umepoa.

Nimepona kwa sababu ya sindano, dada, na muuguzi anasema nguvu yake ni wiki nne tu. Hilo benchi hata mimi silipendi. Huwa nakwenda na bahasha kubwa ya picha ya kifua, watu wadhani naumwa mapafu. Lakini Bernadeta nimembeba mgongoni, siwezi kumharibia. Nitaacha. Ila ukipata barua yangu isiyo na salamu, ujue yameanza tena, utume mtu upesi.

Mdogo wako,
Yeremia

Mwanza, 22 Mei

Wamerudi. Wanaongea ndani ya samaki, kila ninayempasua ananitaja jina. Msimamizi anawasikia ila anajifanya hasikii. Usimpandishe Bernadeta melini. Nimeacha kulala ili wasinikute.

Yeremia

Nansio, 19 Juni 1995

Mdogo wangu,

Salamu. Naandika bila kujua kama utasoma. Bernadeta kaniarifu kwamba uko wodini na umeanza kula.

Barua yako niliipata tarehe 29 Mei. Niliielewa. Wilhelmina alikuwa ametoka kusema hakuona doa kwetu, na wenye ng'ombe wa mahari walikuwa waje Jumamosi. Nikasema siku tano si nyingi. Nikaitia chini ya godoro. Ijumaa Bernadeta aliikuta akitandika, akapanda meli bila kuniaga. Jumamosi wageni wakala wali, wakamuulizia, nikasema anaumwa. Wakarudi na ng'ombe wao.

Kosa ni langu. Naona aibu, na sijui nimwonee nani, wewe au wao.

Dada yako,
Teodora

Mwanza, 6 Julai 1995

Dada,

Shikamoo. Naendelea vizuri, mikono tu inatetemeka, ndiyo maana mwandiko uko hivi. Bernadeta ananiletea uji. Naambiwa niliokotwa Kigongo, nimekaa siku mbili kwenye kivuko cha kwendea Busisi nawazuia watu wasivuke. Mimi sikumbuki.

Juzi Mihayo alikuja. Wazazi wake wamesikia habari za kivukoni, lakini wako tayari kuendelea, mradi wewe useme ilikuwa malaria imepanda kichwani. Kijana si mbaya, sikumlaumu.

Kuna jambo jingine. Kadi yangu ina mstari wa jina la ndugu wa karibu. Miaka yote hii uko wazi, wakiniuliza nasema sina. Sasa wanasema bila jina hawaniruhusu kutoka. Bernadeta anataka aandikwe yeye, nimemkatalia. Nani atamwoa? Nifanyeje, dada?

Mdogo wako,
Yeremia

Nansio, 20 Julai 1995

Mdogo wangu Yeremia,

Salamu nyingi, na umsalimie Bernadeta. Mguu unauma, lakini natembea.

Wazee wa Mihayo walikuja jana na Wilhelmina. Neno la malaria nilikuwa nimelifanyia mazoezi tangu asubuhi. Walipouliza, nikawaambia hapana, ni ugonjwa wa akili, mdogo wangu anao tangu mwaka tisini na mbili, akichomwa sindano anafanya kazi kama mtu yeyote, na aliyemzuia asichomwe ni mimi. Wakamaliza chai, wakaaga kwa heshima. Jibu hawajaleta na sidhani watalileta. Bernadeta akinichukia, atakuwa na haki yake. Mwambie mwenyewe nitamweleza.

Kwenye huo mstari waandike Teodora Ndalahwa wa Nansio, dada yake wa tumbo moja. Wakitaka sahihi, nakuja na meli ya Jumatatu.

Dada yako,
Teodora