Safari Hii Mzee wa Kufa Hafi

Jumatatu, 3 Machi

Ifahamike kwa wote — yaani mimi na daftari hili — kwamba leo saa nne asubuhi, mbele ya mashahidi wawili na feni mbovu, nimekabidhiwa ndevu mpya. Nyeupe. Zinawasha kama upupu. Miaka ishirini na saba ya kuigiza! Nimekufa kwenye filamu kumi na tisa. Jukwaani ndiyo usiseme, nakufa watu hawajakaa vizuri kwenye viti. Safari hii sifi. Mimi ni baba mtu mpaka pazia linafungwa, na sehemu ya tatu nina hotuba ya dakika nne. Mke wangu ananisikilizisha huku anapiga pasi. Yeye anakuwa mwanangu. Ananifokea vizuri kuliko mwigizaji mwenye kazi hiyo.

Jumatano, 5 Machi

Mwenye kazi ni Staa. Katoka kwenye tamthilia za televisheni, sura yake imejaa kwenye matangazo ya sabuni. Leo kwenye mazoezi kasahau maneno mara tatu. Mara ya tatu nikamtajia — kwa sauti, ukumbi mzima. Nilitaka kumsaidia. (Uongo. Niliona raha.) Akanigeukia: "Mzee wa Kufa, subiri zamu yako ufe." Wakacheka wote. Hata mshonaji wa mavazi, na pini mdomoni! Nikacheka na mimi. Nyongo nikaimeza.

Alhamisi, 6 Machi

Mwongozaji kanishika bega. Akikushika bega ujue kuna kinachokatwa. Ati hotuba inachosha, ati Staa kalalamika, ati watu wanakuja kumwona yeye. Imebaki mistari minne, kaniandikia kwa penseli. Staa kapita anapiga mluzi: "Usinune, babu, nimekupunguzia mzigo." Babu! Nimempita miaka kumi na mmoja tu.

Mke wangu akauliza nilimjibu nini. Nikasema nilimjibu kwa macho. "Haya. Wamesikia wote, bila shaka." Tukajifunza hiyo minne.

Jumamosi, 8 Machi

Jana tumefungua mchezo. Ukumbi pomoni. Sehemu ya tatu, Staa kasahau kila kitu! Kasimama kama mlingoti, mdomo wazi. Nikahesabu moyoni mpaka kumi na nne. Wakaanza kuzomea safu za nyuma, zikadakia za mbele. Pazia likashushwa. Mwongozaji kamwita majina yote isipokuwa lake.

Mwosha huoshwa. Nimelala fofofo.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu hasemi na mimi. Anasema na sufuria.

Jumatatu, 10 Machi

Simu ya mwongozaji. Staa anataka kujitoa. Kaenda kwa daktari wa kichwa — kumbe mama yake alianza kusahau akiwa na umri huohuo, sasa hamjui hata yeye. "Mzee wangu, hotuba yako nairudisha yote. Umri huu, na hujakosea hata neno!"

Nikampa mke wangu habari njema. Akasimamisha pasi. "Mwongozaji anaweza asijue, mistari ile kaiandika juzi tu. Mimi nimeisoma na wewe mara arobaini. Nilikuwa safu ya nne, baba watoto." Akaendelea na kola ya shati langu.

Jumanne, 11 Machi

Staa yuko sebuleni kwangu! Kaja mwenyewe, bila miwani ya jua, bila wapambe. Kanipa shikamoo, mara ya kwanza tangu tufahamiane. "Mzee, naomba tupitie ile sehemu. Nijue kama kichwa bado kipo." Mke wangu kaniangalia tu.

Nimeingia chumbani, eti kutafuta miwani. Ninayo usoni.

Ilikuwa hivi. Mistari ni minne, nilisema mitatu. Wa nne, "Barua ile niliichoma mimi," sikuusema. Si kwamba ulinitoka. Ulikuwepo, ulimini kabisa. Baba asipokiri, mwana hana cha kufoka, na yeye kazoea kamera: usipompa neno lako la mwisho hana pa kushika. Nilijua. Tangu Alhamisi nilijua. Nikafunga mdomo, nikamtazama anavyozama, nikahesabu. Kwenye nane macho yake yakaniomba. Mwigizaji huombwa hivyo mara chache sana, na hakuna anayekataa. Nikakataa. Kwenye kumi na nne nilikuwa na furaha.

Nikimwambia, hotuba imekwenda, na jukwaa nalo: nani atapanda tena na mtu wa hivyo? Nisipomwambia, atatoka hapa anaamini anaumwa ugonjwa wa mama yake.

Na bado simpendi! Hilo nalo ni kweli.

"Mzee," anaita, "tuanzie wapi?"

Mke wangu anamjibu kabla yangu: "Anzieni kwenye barua, mwanangu. Anakuja sasa hivi."